Vita vya Marekani na kura za Kongresi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wawe raia au la, na kwa wale wa Afrika Mashariki ambao vita vya Marekani vimewahi kuwafikia mlangoni. Kwa ufupi, tunachodai ni hiki: kila vita iwe na kura, na kila kura iwe na jina la aliyeipiga.

Ninyi mko upande gani?

Tuna upande, na hatuufichi. Tunaamini rais yeyote anayepeleka jeshi vitani bila idhini ya Kongresi anavunja Katiba, na mbunge anayemwachia afanye hivyo anakula mshahara wa kazi asiyoifanya. Katika kura tulizozifuatilia tangu 2018, wengi waliozuia maazimio ya kusimamisha vita ni wa chama cha Republican, na tutawataja. Mwaka 2011, Barack Obama alipoishambulia Libya, Wademokrat wengi ndio waliomkingia kifua rais wao. Hilo nalo limo humu.

Katiba inasema nani anatangaza vita?

Kongresi. Ibara ya Kwanza, kifungu cha 8. Rais ni Amiri Jeshi Mkuu kwa Ibara ya Pili, yaani anaongoza vita ikishaidhinishwa, na anaweza kujibu shambulio la ghafla. Mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungary na Romania. Korea, Vietnam, Iraq na Afghanistan hazikutangazwa. Baadhi zilipewa idhini ya sheria, na Korea haikupewa hata hiyo.

Sheria ya Mamlaka ya Vita ya 1973 inamtaka rais afanye nini hasa?

Ilipitishwa Novemba 7, 1973 kwa kuishinda kura ya turufu ya Richard Nixon: 284 kwa 135 katika Baraza la Wawakilishi, 75 kwa 18 katika Seneti. Inamtaka rais ashauriane na Kongresi kabla ya kuingiza jeshi vitani kila inapowezekana. Jeshi likishaingia, anatakiwa atume ripoti ya maandishi ndani ya saa 48. Kuanzia ripoti ilipotumwa, au ilipopaswa kutumwa, zinahesabiwa siku 60. Kongresi isipoidhinisha ndani ya muda huo, jeshi linatakiwa liondoke. Rais anaweza kujiongezea siku 30, lakini kwa sharti moja tu: kwamba zinahitajika ili askari waondoke salama.

Basi inakuwaje marais wanapitisha siku 60 na hakuna kinachotokea?

Wana njia tatu, na ukizijua utazitambua kila zinapotumika.

Ya kwanza ni barua yenyewe. Saa ya siku 60 inaanza kwa ripoti iliyoandikwa chini ya kifungu kimoja mahususi. Marais huandika kwamba wanatoa taarifa "kwa kuendana na" sheria hiyo, bila kukitaja kifungu chenyewe. Ni Gerald Ford peke yake, mwaka 1975 katika tukio la Mayaguez, meli ya Marekani iliyotekwa na Cambodia, aliyekitaja. Barua nyingine zote zimeandikwa ili wanasheria wa White House wapate pa kuegemea baadaye.

Ya pili ni kukana kwamba kuna mapigano. Libya ilianza kushambuliwa Machi 19, 2011. Siku 60 zikapita, na mwezi Juni serikali ya Obama ikaiambia Kongresi kwamba kwa kuwa hapakuwa na askari wa miguu na hatari kwa Wamarekani ilikuwa ndogo, mashambulizi yale hayakuwa "uhasama" unaozungumziwa na sheria. Mabomu yanaanguka, watu wanakufa, na bado linasemwa hilo. Lilikuwa jambo baya, na waliolinyamazia kwa sababu rais alikuwa wa chama chao waliliwezesha kuishi. Hoja hiyohiyo imeachwa mezani kwa kila rais anayefuata.

Ya tatu ni bajeti. Vita vya Kosovo mwaka 1999 viliendelea kwa siku 78. Baraza la Wawakilishi lilipopiga kura ya kuunga mkono mashambulizi ya anga, matokeo yalikuwa 213 kwa 213, na azimio likaanguka. Mwezi uliofuata Kongresi ikapitisha fedha za operesheni ileile, na serikali ya Bill Clinton ikadai kuwa kutoa fedha ni kutoa idhini. Sheria ya 1973 inakataza tafsiri hiyo wazi.

Idhini ya 2001 ni nini, na ilifikaje Somalia?

Ni sheria iliyopitishwa Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Seneti 98 kwa 0, Baraza 420 kwa 1. Aliyesema hapana ni Barbara Lee wa California. Inamruhusu rais kutumia nguvu dhidi ya mataifa, makundi au watu walioyapanga au kuyasaidia mashambulizi ya Septemba 11, au waliowahifadhi wahusika. Haina tarehe ya mwisho, haina mipaka ya kijiografia, na haitaji nchi yoyote.

Al-Shabaab haikuwepo mwaka 2001. Iliingizwa kwa tafsiri: wanasheria wa serikali walisema sheria inahusu pia "vikosi washirika" wa al-Qaeda, maneno ambayo hayamo kwenye sheria yenyewe. Mwishoni mwa 2016 serikali ya Obama ikaliweka kundi zima la al-Shabaab chini ya idhini hiyo. Donald Trump alipoondoa askari wapatao 700 Somalia mwanzoni mwa 2021, hakuhitaji kura. Joe Biden alipowarudisha mamia Mei 2022, naye hakuhitaji.

Kongresi iliwahi kuulizwa moja kwa moja. Aprili 27, 2023 Baraza lilipiga kura juu ya azimio la Matt Gaetz, Mrepublican wa Florida, la kuondoa askari Somalia. Lilikataliwa kwa kura 102 kwa 321, na waliolikataa walitoka vyama vyote viwili. Hatukubaliani nao, lakini angalau majina yao yapo.

Haya yanatuhusu nini sisi wa Kenya na Tanzania?

Agosti 7, 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na watu 224 wakauawa, walio wengi Wakenya. Agosti 20 Clinton akarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum. Siku iliyofuata aliiandikia Kongresi barua. Hakuna kura iliyopigwa, kabla wala baada. Damu ya watu wetu ndiyo iliyotajwa kuwa sababu ya kushambulia nchi jirani, na uamuzi ukafanywa na mtu mmoja.

Januari 5, 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay, kaunti ya Lamu, wakaua askari mmoja wa Marekani na wakandarasi wawili Wamarekani. Kituo kile kinatumika katika vita ambayo Kongresi haijawahi kuipigia kura kwa jina lake. Mkazi wa Lamu hana mbunge Washington wa kumuuliza. Binamu yake aliye raia kule Minnesota anaye.

Azimio la kusimamisha vita linapita njia gani?

Katika Seneti njia ni fupi, na ndiyo maana mengi huanzia huko. Seneta mmoja analiwasilisha. Linapelekwa Kamati ya Mambo ya Nje. Zikipita siku 10 za kalenda bila kamati kulitoa, seneta anaweza kuomba kura ya Seneti nzima ya kulitoa kamatini. Haihitaji kura 60 kama miswada mingi, wingi wa kawaida unatosha. Kiongozi wa walio wengi hawezi kulikalia. Hiyo ni nguvu kubwa mikononi mwa mtu mmoja, na Tim Kaine wa Virginia ameitumia mara kadhaa. Juni 27, 2025, siku chache baada ya Marekani kupiga vituo vya nyuklia vya Iran, azimio lake lilikwama hatua hiyo kwa kura 47 kwa 53. Rand Paul alikuwa Mrepublican pekee aliyeliunga mkono, na John Fetterman alikuwa Mdemokrat pekee aliyelipinga.

Kwenye Baraza la Wawakilishi ndiko ujanja uliko. Kisheria kamati ina siku 15 za kalenda, kisha azimio lazima lifike ukumbini. Lakini kila muswada mkubwa unaoingia Barazani hutanguliwa na azimio la utaratibu, linalopanga muda wa mjadala na marekebisho yanayoruhusiwa. Uongozi wa walio wengi unaweza kuchomeka humo sentensi moja inayosema kwamba saa ya azimio fulani la vita haitahesabiwa. Anayetaka muswada mkuu upite analazimika kuimeza na sentensi hiyo.

Angalia Desemba 12, 2018. Suala lilikuwa Yemen, ambako Marekani iliisaidia Saudi Arabia kwa silaha na taarifa za kijasusi. Uongozi wa Republican, Paul Ryan akiwa Spika, ulichomeka sentensi hiyo kwenye azimio la utaratibu la muswada wa kilimo. Muswada wa kilimo! Lilipita kwa kura 206 kwa 203. Wademokrat watano waliliunga mkono, na kwa tofauti ya kura tatu, hao watano wangeweza kulizuia. Kesho yake Seneti ilipitisha azimio lake la Yemen kwa 56 kwa 41, wakati mlango wa Baraza umeshafungwa. Mwezi uliotangulia mbinu hiyohiyo ilitumika kwenye muswada uliohusu mbwa mwitu.

Ukitafuta kura za mbunge wako kwa neno "Yemen" tu, hii ya kilimo inaweza kukupita. Ndivyo ilivyokusudiwa.

Azimio likipita kote kuwili, vita inasimama?

Si lazima. Waandishi wa sheria ya 1973 walitaka Kongresi iweze kusimamisha vita bila saini ya rais. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Chadha ambayo haikuhusu vita hata kidogo, ilibatilisha mfumo wa Kongresi kutengua hatua za serikali bila kumpelekea rais. Tangu hapo azimio lenye nguvu ya sheria hupelekwa kwa rais yuleyule linayemkataza, naye huligomea. Kulishinda gomo hilo kunahitaji theluthi mbili, yaani 67 kati ya maseneta 100 na 290 kati ya wawakilishi 435 iwapo wote wamehudhuria.

Azimio la Yemen la 2019 lilipita Seneti 54 kwa 46 na Baraza 247 kwa 175. Trump akalipiga turufu Aprili 16, na Seneti ikapata 53 tu za kumpinga. La Iran, baada ya Marekani kumuua jenerali wa Iran Qassem Soleimani Januari 2020, lilipita Seneti 55 kwa 45, likapigwa turufu Mei 6, likaishia kura 49 kwa 44.

Basi yana faida gani?

Yanazalisha orodha ya majina, na serikali inazijali orodha hizo. Kura ya Iraq ya Oktoba 2002 ilipita 296 kwa 133 Barazani na 77 kwa 23 Seneti. Hillary Clinton alikuwa miongoni mwa hao 77. Miaka sita baadaye, katika mchujo wa Democratic wa 2008, Obama alimwandama kwa kura hiyo na akamshinda. Idhini ile ya 2002 ilikuja kufutwa Desemba 2025 ndani ya sheria ya ulinzi ya mwaka, muda mrefu baada ya Saddam Hussein kunyongwa.

Kongresi haiwezi kukata fedha tu?

Inaweza, na hiyo ndiyo silaha iliyofanya kazi kweli. Mwaka 1973 ilikata fedha za mapigano Indochina kuanzia Agosti 15, na mabomu ya Cambodia yakasimama. Baada ya askari 18 wa Marekani kuuawa Mogadishu Oktoba 1993, iliweka kwenye sheria ya fedha kwamba operesheni ya Somalia haitalipiwa baada ya Machi 31, 1994. Askari waliondoka.

Ugumu uko kwenye ujasiri. Juni 24, 2011 Baraza lilikataa kuidhinisha vita ya Libya, 123 kwa 295. Siku hiyohiyo likakataa pia kukata fedha zake, 180 kwa 238. Mbunge aliyesema hapana mara mbili alipata la kuwaambia wapiga kura wa pande zote.

Je, mahakama?

Usizitegemee. Wabunge 31 wakiongozwa na Tom Campbell, Mrepublican wa California, walimshtaki Clinton kwa ajili ya Kosovo. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema hawana haki ya kushtaki, kwa kuwa Kongresi ina njia zake za kumzuia rais.

Mpinzani akisema kura hizi zinawahatarisha askari?

Mwambie asome sheria. Siku 30 za nyongeza ziliwekwa kwa ajili ya kuwatoa salama, na Somalia ilipewa karibu miezi mitano. Kisha muulize kuhusu Niger. Askari wanne wa Marekani waliuawa karibu na kijiji cha Tongo Tongo Oktoba 4, 2017, na baadaye Lindsey Graham, seneta aliyekuwa kwenye Kamati ya Majeshi, alikiri hakujua kwamba wenzao wapatao 1,000 walikuwa Niger. Askari anawekwa hatarini na seneta asiyejua yuko wapi.

Nitajuaje mbunge wangu alipigaje kura?

Anza congress.gov. Andika namba ya azimio, fungua sehemu ya hatua zilizopita, utaona kila kura na namba yake. Majina ya Baraza yako clerk.house.gov, ya Seneti yako senate.gov. Kabla ya kumlaumu mtu, angalia haya:

Soma swali lililopigiwa kura, usisome jina la azimio tu. Kwenye hoja ya kulitoa azimio kamatini, "ndiyo" ni kuliunga mkono. Kwenye hoja ya kuliweka kando, "ndiyo" ni kuliua. Watu wengi wamewashutumu maseneta kinyume kwa kutotazama hilo.

Fungua pia maazimio ya utaratibu ya wiki hiyohiyo, hata kama yanataja kilimo au misitu. Soma maandishi yake hadi mwisho, kwa kuwa sentensi ya kusimamisha saa mara nyingi iko karibu na mkia.

Tofautisha "nipo" na "hakupiga kura". Wa kwanza alikuwa ukumbini akakataa kuchagua. Wa pili hakuwepo, na huenda alikuwa mgonjwa. Uliza ofisini kwanza.

Kura ya sauti haina majina. Katiba haihitaji wingi: moja ya tano ya waliohudhuria wakidai, majina yanaandikwa. Kwa hiyo "ilipita kwa sauti" maana yake hakuna waliojitosa wa kutosha kudai, na mbunge wako anaweza kuulizwa kwa nini hakuwa mmoja wao.

Anaweza kuondolewa katikati ya muhula?

Wapiga kura hawawezi. Hakuna kumrudisha nyumbani mbunge wa Kongresi kabla ya muda, na kufukuzwa na wenzake kunahitaji theluthi mbili. Hawezi pia kushtakiwa kwa kura au hotuba yake ya ukumbini. Inabaki sanduku la kura: Baraza lote kila miaka miwili, theluthi ya Seneti kila miaka miwili. Uchaguzi ujao wa katikati ya muhula ni Novemba 3, 2026.

Katika majimbo mengi ya uwakilishi chama kimoja kinashinda daima, kwa hiyo pambano lenyewe liko kwenye mchujo, ambako wanaojitokeza ni wachache na kura mia chache zina uzito. Wayne Morse na Ernest Gruening, maseneta wawili pekee waliopinga azimio la Vietnam la 1964, walipoteza viti vyao 1968. Barbara Lee alikaa Kongresi hadi Januari 2025, kisha akachaguliwa meya wa Oakland. Tofauti kubwa ilikuwa wapiga kura waliomsimamia, mwaka baada ya mwaka.

Nina grini kadi tu. Nifanye nini, na nisifanye nini?

Usipige kura, na usijiandikishe kupiga kura. Kwa asiye raia, kupiga kura kwenye uchaguzi wa kitaifa ni kosa la jinai na ni sababu ya kufukuzwa nchini. Mtego uko kwenye ofisi ya leseni za udereva: karani au mashine hukuuliza kama unataka kuandikishwa. Jibu hapana, na soma kila kisanduku kabla ya kutia saini.

Unaruhusiwa kumpigia simu mbunge wa eneo lako, kuhudhuria mikutano yake, kuandamana kwa amani, na kama ni mkazi wa kudumu, kuchangia kampeni. Aliye kwa viza ya masomo au kazi haruhusiwi kuchangia hata dola moja. Siku ukila kiapo cha uraia, jiandikishe mara moja: majimbo mengi yana tarehe ya mwisho kabla ya uchaguzi, ingawa Minnesota huandikisha hata siku yenyewe.

Nikipiga simu niseme nini?

Namba kuu ya Kongresi ni 202-224-3121. Taja jina la mbunge au seneta utaunganishwa. Atapokea kijana wa ofisi anayeandika hoja na kuhesabu waliopiga, kwa hiyo kuwa mfupi: jina, mji, msimbo wa posta ili aone wewe ni wa eneo lao, namba ya azimio, kisha swali moja lenye jibu la ndiyo au hapana. "Je, atapiga kura ya kulitoa azimio hili kamatini?" Akisema mheshimiwa bado anatafakari, omba jibu la maandishi na upige tena baada ya wiki. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga, andika sentensi zako kwenye karatasi uzisome. Hakuna atakayekucheka.

Barua ya karatasi iepuke. Tangu bahasha za kimeta za 2001, barua za Kongresi hukaguliwa kwanza na huchelewa, na saa ya azimio ni siku 10. Ukitaka maandishi, tumia fomu ya tovuti ya mbunge au peleka kwa mkono ofisi yake ya jimboni.